Kabla ya Kumpandisha Mbwa: Wajibu Wetu kwa Wale Waliokwisha Kuzaliwa

Si jambo la ajabu siku hizi, hapa Tabora mjini na hata katika vijiji vya Uyui na Sikonge, kusikia tangazo la watoto wa mbwa wanaouzwa. Tangazo hupita mdomo kwa mdomo baada ya Misa, au huzunguka katika makundi ya simu pamoja na picha: mama yao ni chotara, baba yao ni Jerumani Shepadi halisi, bei ni maelewano. Mara nyingi muuzaji si mfugaji wa kazi hiyo. Ni mwalimu, ni mkulima wa tumbaku, ni mwendesha bodaboda, jirani yetu mwema mwenye mbwa jike mmoja mzuri, aliyemtafutia dume kwa rafiki yake. Mbwa amezaa saba. Wanne wamepata wenyewe, wawili wamekufa kwa kuhara damu, na mmoja bado yupo uani akingoja mtu. Baada ya miezi michache huyo mmoja atakuwa barabarani, na kama ni jike, yeye naye atakuwa na mimba.

Waamini hutuuliza kama Kanisa lina neno lolote juu ya mambo haya, na wengine huuliza kwa kicheko. Neno lipo, tena linagusa mengi kuliko mbwa mwenyewe. Linamgusa mtoto anayeng'atwa akienda kuteka maji, linamgusa mzazi anayetafuta nauli usiku ili amfikishe mtoto huyo hospitalini, na linaigusa namna tunavyoyatumia mamlaka tuliyokabidhiwa juu ya viumbe. Tunachotaka kueleza katika makala haya ni kwamba mtu anayempandisha mbwa wake bila mpango anafungua deni, na deni hilo kwa kawaida hulipwa na mwingine. Kwa sababu hiyo, anayehitaji mbwa na atazame kwanza yule aliyekwisha kuzaliwa na hana mwenyewe.

Mafundisho ya Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inazungumzia wanyama katika namba 2415 hadi 2418. Wengi hawajui kwamba namba hizo zimewekwa chini ya amri ya saba, ile inayokataza wizi. Humo tunafundishwa kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, ambao kwa kuwapo kwao tu humtukuza. Kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi, na kuwafuga ili watusaidie kazini na katika mapumziko. Na kwamba kumtesa au kumwua mnyama bila sababu ya haki ni jambo lisiloendana na heshima ya binadamu mwenyewe. Papo hapo tunaonywa upande wa pili: haifai kuwamwagia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu, wala kuwapa mapendo yale yanayowastahili wanadamu peke yao.

Maonyo hayo mawili huenda pamoja, na tukilishika moja tukaliacha la pili tumepotoka. Hapa kwetu onyo la pili si tatizo la kila siku. Ni wachache Tabora wanaomnunulia mbwa nguo huku jirani akilala njaa. Baba Mtakatifu Fransisko alipolalamika, katika katekesi yake ya Januari 2022, kwamba baadhi ya watu wa ndoa wamewaweka mbwa na paka mahali pa watoto, alikuwa akisema hasa na nchi ambazo nyumba zake zimepungukiwa watoto. Hata hivyo tahadhari yake inatufaa katika jambo dogo la lugha. Katika makala haya hatutumii neno kuasili kwa habari ya mbwa. Neno hilo ni la mtoto wa mtu, yatima anayepewa jina na urithi. Mbwa tunamchukua na kumtunza, na heshima yake inatosha kwa kadiri hiyo.

Kwa nini basi amri ya saba? Kwa sababu anayepata furaha au fedha kwa kumpandisha mbwa wake, kisha akawaachia wengine gharama ya watoto wa mbwa huyo, amechukua kisicho chake. Amechukua usalama wa mtaa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini katika jambo hili mchumaji mara nyingi hali kabisa; wanaokula ni wa nyumba ya tatu.

Maandiko Matakatifu nayo hayamtazami mbwa kwa jicho moja. Tukubali kwamba mara nyingi anatajwa kwa dharau: kundi la mbwa linamzingira mwenye haki katika Zaburi ya 22, na katika Ufunuo mbwa wamewekwa nje ya mji mtakatifu. Waandishi walikuwa na picha ya mbwa wasio na mwenyewe, wazururao malangoni usiku wakitafuta mizoga. Lakini katika Kitabu cha Tobiti mbwa anaondoka nyumbani pamoja na kijana Tobia na malaika Rafaeli, na katika sura ya 11 anarudi nao akiwafuata nyuma. Hafanyi muujiza wowote. Ni mbwa wa nyumba anayejua watu wake. Na yule mama Mkanaani katika Injili ya Mathayo, sura ya 15, anapomjibu Bwana wetu kwa unyenyekevu wa ajabu, anategemea jambo ambalo kila msikilizaji wake alilijua: mbwa mwenye bwana hupata makombo chini ya meza. Ukiyasoma maandiko hayo yote pamoja utaona kwamba tofauti kati ya mbwa wa aibu na mbwa wa amani ni moja tu, nayo ni kama yupo mtu anayewajibika juu yake.

Mbwa wa njia ya misafara

Historia ya njia iliyojenga mji wetu ina kisa kinachofaa kukumbukwa. Henry Morton Stanley, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Daktari Livingstone, alikuwa na mbwa wa ulinzi jina lake Omar. Stanley alifika Unyanyembe na kukaa Kwihara, mahali ambapo leo wageni huonyeshwa tembe la Livingstone. Omar hakufika; alikufa njiani baada ya vinamasi vya Makata.

Mwaka 1874 Stanley alirudi Afrika kwa safari kubwa zaidi, naye safari hii alichukua mbwa watano kutoka Uingereza. Miongoni mwao alikuwamo Castor, mbwa mkubwa wa ukoo maarufu, zawadi ya mwanamke tajiri wa London. Wengine watatu, Nero, Bull na Jack, Stanley aliwanunua katika nyumba ya mbwa waliopotea iliyoko Battersea, London. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1860 na mama mmoja, Mary Tealby, aliyeanza kwa kuwakusanya mbwa wenye njaa wa mitaa ya jiji lile. Basi mbwa waliookolewa mitaani walikanyaga njia ya misafara miaka 150 iliyopita. Castor, yule wa ukoo, alikufa kwa joto siku za kwanza kabisa, kabla msafara haujafika mbali na Bagamoyo. Bull, yule wa kuokotwa, alizunguka na msafara hadi Ziwa Viktoria na Uganda, akafa mwaka 1876 walipokuwa wakielekea Ujiji, akiwa wa mwisho kati ya wale watano.

Hatusemi kwamba mbwa wa kuokotwa daima hushinda; Bull naye hakurudi kwao, na safari za Stanley ziliwagharimu uhai wapagazi wengi ambao majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu kama yalivyoandikwa majina ya mbwa. Tunachokiona katika kisa hiki ni kwamba damu ya sifa haimlindi mnyama katika mazingira asiyoumbiwa. Wakati Castor anakufa, katika kila kijiji alichopita walikuwapo mbwa wa nchi hii, wembamba, wenye manyoya mafupi, waliozoea jua, kupe na njaa, nao wakiendelea kulinda mbuzi na mashamba ya mtama.

Mbwa hao ndio tuwaitao koko kwa kuwadharau. Leo, anayewapandisha mbwa wa kizungu na chotara wao hapa Tabora kwa kufuata sura tu, bila kujua wazazi wamekuwa na maradhi gani, anarudia jambo lilelile. Jamii ya Jerumani Shepadi, kwa mfano, inajulikana na madaktari wa mifugo kwa kasoro ya nyonga inayorithiwa: mnyama anazaliwa akionekana mzima, kisha kadiri anavyokua viungo vya nyuma vinamwuma hadi anashindwa kunyanyuka. Na kwa kuwa mbwa wa aina hiyo ni wachache mjini, mara nyingi dume anayetafutwa ni kaka wa jike, au baba yake. Mnunuzi hajui. Anakuja kujua mbwa akiwa na miaka miwili, watoto wa nyumbani wamekwisha kumzoea, na dawa ya maumivu inazidi bei ya mbwa mwenyewe.

Uzao mmoja na chanjo ya kijiji kizima

Jambo zito zaidi, ambalo kwa ajili yake tumeandika makala haya, ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na kwamba takribani wanne kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania peke yake, watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2002 walitaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Karibu kila mgonjwa aliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kukaza koo, hospitali haina la kufanya isipokuwa kumpunguzia mgonjwa mateso. Kabla ya dalili, kinyume chake, ugonjwa unazuilika: kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano za chanjo, naye azimalize zote.

Sindano hizo zina gharama, na kwa mkulima wa Sikonge au Kaliua gharama si dawa tu, bali nauli ya mara kadhaa na siku za kazi zilizopotea. Wapo wazazi wanaokwenda kwa sindano ya kwanza na ya pili, kisha wakaishiwa. Tungependa kila anayetangaza watoto wa mbwa katika kundi la simu awe na picha ya mzazi huyo mbele yake.

Sasa uzao mmoja wa nyuma ya jiko unahusianaje na hayo? Wataalamu wamethibitisha kwamba wakichanjwa mbwa saba kati ya kila kumi mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hatimaye huzimika. Lakini kiwango hicho hakikai chenyewe. Tuseme kijiji kina mbwa 100, na kampeni imechanja 70. Katika mwaka unaofuata mbwa 30 wanakufa kwa maradhi, kugongwa na magari au njaa, na 30 wengine wanazaliwa kushika nafasi zao. Vifo vinawapata waliochanjwa na wasiochanjwa vilevile, hivyo katika wale 70 wamebaki 49 hivi. Na watoto wote 30 waliozaliwa hawana chanjo. Idadi ya mbwa ni ileile 100, kijiji kinaonekana hakijabadilika, lakini ukuta umebomoka nusu. Kila uzao usiopangwa ni tofali linalotolewa katika ukuta huo.

Kisiwani Pemba tumeona pande zote mbili za ukweli huu. Chanjo ya mbwa ilifaulu kuuondoa ugonjwa huo kisiwani kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi ianze upya, na mwaka 2018 ukaondolewa tena. Kama kisiwa chenye bahari pande zote kiliweza kuambukizwa upya, mji ulio kwenye makutano ya reli na barabara, ambamo vijibwa husafirishwa katika maboksi kutoka Mwanza, Kigoma na Dodoma, hauna budi kuwa macho.

Wengine husema: basi, mbwa wazururao na wauawe. Katika miji mingi hilo limefanyika kwa risasi na kwa sumu, na bado halijazima ugonjwa. Sababu yake ni ileile ya hesabu ya hapo juu. Mbwa waliochanjwa wanauawa pamoja na wasiochanjwa, kisha wenye nyumba, wakihitaji ulinzi, wanaleta vijibwa wapya ambao hawajachanjwa. Sumu inayotupwa sokoni, zaidi ya hayo, haichagui. Kuna kuku, kuna mbuzi, kuna mtoto anayeokota.

Magonjwa ya mbwa hayaishii kwa watu. Mwaka 1994 homa ya mbwa, inayosababishwa na kirusi tofauti na kile cha kichaa, iliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, theluthi ya simba wote wa huko. Sisi wa Tabora tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, na warina asali wetu huingia misitu ya miyombo wakiongozana na mbwa. Mbwa mwitu, ambao wamebaki wachache sana duniani, hushambuliwa na virusi hivyohivyo. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba viumbe vyote vimeunganishwa, na kwamba moyo unaozoea kuutendea vibaya uhai mmoja hauchelewi kuutendea vibaya mwingine. Tunadhani ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko kijibwa cha Urambo na simba wa porini.

Hoja tunazozisikia

Hoja ya kwanza ni ya ulinzi: mbwa koko hafundishiki, hivyo lazima tuzalishe mbwa wakubwa. Uzoefu wa vijijini unaikanusha. Mbwa wa kienyeji anayelishwa, anayefungwa mchana kwa kiasi na kufunguliwa usiku ndani ya uzio, hubweka mgeni akiwa bado mbali, na kubweka ndiko kunakomfukuza mwizi. Mbwa mkubwa asiyefundishwa, kinyume chake, humng'ata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Hoja ya pili ni kwamba jike lazima azae mara moja ndipo awe na afya. Madaktari wa mifugo hawaoni ushahidi wa jambo hilo. Mbwa jike hupata joto mara mbili hivi kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, na aweza kuanza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Anayemwacha azae "mara moja tu" bila kumzuia baadaye hajamaliza jambo, amelianza. Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wanapopandana, ugonjwa wa kawaida mahali ambapo mbwa huzurura, na matibabu yake si rahisi kupatikana.

Hoja ya tatu ni ya dhamiri, nasi tunaiheshimu. Waamini kadhaa hutuuliza kama si dhambi kumfunga kizazi mbwa jike au kumhasi dume, kwa kuwa Kanisa linakataza kuzuia uzazi. Jibu ni kwamba mafundisho hayo, yaliyoelezwa na Papa Paulo VI katika Humanae Vitae mwaka 1968, yanahusu tendo la ndoa la mwanamume na mwanamke, ambao ni nafsi zenye hiari na wito. Mnyama hana ndoa wala wito huo. Wafugaji wa Unyamwezi na Usukuma wamehasi maksai tangu zamani na hakuna padre aliyewakataza. Kinachotakiwa ni kwamba kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo kwa dawa ya ganzi au usingizi. Kumkata mnyama kwa wembe bila ganzi, akiwa amefungwa kamba, ndiko kunakopingana na Katekisimu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso yasiyo ya lazima.

Ya nne ni ya kipato, nayo haifai kupuuzwa katika maisha magumu ya sasa. Kuuza watoto wa mbwa si dhambi kwa lenyewe. Yupo mfugaji anayejua afya ya wazazi wote wawili, asiyewapandisha ndugu, anayewaacha watoto na mama yao hadi wiki nane, anayelipia chanjo zao, na aliye tayari kumpokea tena mtoto ambaye mnunuzi amemshindwa. Huyo anafanya kazi halali. Lakini ukihesabu chakula cha mama, dawa za minyoo na chanjo za watoto sita au saba, utaona kwamba faida ya uani mara nyingi inatokana na kuyaacha hayo yote bila kuyafanya. Anayeuza kijibwa cha wiki nne, kisichochanjwa, kwa sababu kimeanza kula sana, hajapata faida. Amemhamishia mwingine gharama.

Kumchukua aliyekwisha kuzaliwa

Nyumba za kuwatunza mbwa waliotelekezwa bado ni jambo geni kwa Watanzania wengi, ingawa zipo: karibu na Arusha, eneo la Usa River, kuna kituo kiitwacho Mbwa wa Africa kinachowaokoa mbwa, kuwachanja, kuwafunga kizazi na kuwatafutia wenyewe, na jijini Nairobi, Chama cha Kuzuia Ukatili kwa Wanyama cha Kenya kimefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Hata hivyo wazo hilo si la kigeni katika Kanisa. Mtakatifu Martini wa Porres, mtoto wa mwanamke mweusi aliyekuwa ametoka utumwani, alikuwa bradha Mdominikani mjini Lima, Peru, hadi kifo chake mwaka 1639. Aliwauguza maskini na watumwa waliotoka melini, akaomba sadaka kwa ajili yao kila siku. Mapokeo yanatuambia kwamba aliwatibu pia mbwa na paka wenye majeraha, na wakubwa wake walipomkataza kuwaleta konventini, akawahamishia nyumbani kwa dada yake. Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Hapo tunaona maonyo mawili ya Katekisimu yakitimizwa na mtu mmoja: maskini hakupungukiwa kwa sababu ya mbwa, wala mbwa hakupigwa teke kwa kisingizio cha maskini. Na dada yake, ambaye ndiye aliyefagia uchafu, angestahili kutajwa mara nyingi zaidi katika mahubiri ya tarehe 3 Novemba.

Kwetu Tabora, kumchukua mbwa hakuhitaji jengo. Mara nyingi ni kumwendea jirani aliyebakiwa na yule kijibwa wa saba na kumwambia: nipe huyo, lakini tumpeleke pamoja kwa afisa mifugo. Mnyama aliyeokotwa asiletwe moja kwa moja kwa watoto. Atengwe kwanza, atazamwe, apewe dawa ya minyoo na chanjo, na mbwa yeyote anayebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate au kung'ata ovyo asiguswe kabisa, bali taarifa itolewe. Huruma isiyo na tahadhari haimsaidii mtu wala mnyama. Naye asiye na chakula cha kutosha kwa ajili ya wanawe asijisikie ana hatia akimwacha mbwa huyo achukuliwe na mwingine. Katekisimu yenyewe imeweka utaratibu huo.

Tunaishi pia na ndugu zetu Waislamu, ambao wameujenga mji huu pamoja nasi tangu siku za misafara. Kwa wengi wao mate ya mbwa hutangua usafi wa swala, hivyo mbwa wetu anayezurura hadi barazani mwao ni kero ya kweli. Haimaanishi kwamba dini yao haina huruma kwa mnyama huyu. Mapokeo yao yana habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Tukiwa na uzio na kamba, tumewaheshimu wao na tumemlinda mbwa.

Parokia zinaweza kufanya jambo moja mwaka huu bila gharama kubwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na tarehe 4 Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambayo sehemu nyingi duniani hubarikiwa wanyama. Zimetengana kwa siku sita tu. Tunapendekeza kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziongee mapema na afisa mifugo wa kata, ili katika juma hilo chanjo itolewe katika uwanja wa parokia kabla ya baraka, kwa mbwa wa waamini na wa majirani wote bila kuuliza dini. Mbwa waletwe asubuhi kabla ya jua kali, kila mmoja kwa kamba yake, wakishikwa na watu wazima na si watoto. Mwenye jike aliyezaa karibuni aje na karatasi yenye idadi ya watoto waliobaki na umri wao, aikabidhi kwa mwenyekiti wa jumuiya, ili wanaohitaji mbwa wa ulinzi waisome hiyo kwanza.